Maswali ya Wasomaji: Mwalimu wa Piano Ametutoka, Tumuenzi Vipi?

Barua za safari hii zimetoka miji mbalimbali lakini zote zinalia kilio kimoja: mwalimu wa piano amefariki, na wanafunzi aliowalea hawajui washike wapi. Tumeona tuzipe safu nzima. Mwalimu wa piano hukaa na mwanafunzi mmoja mmoja, nusu saa au saa nzima kila wiki, pengine kwa miaka kumi, na anayomwachia ni mambo madogo madogo: namna kidole gumba kinavyopita chini ya kidole cha kati, mahali pa kuvuta pumzi, alama ya penseli pembeni mwa ukurasa. Mambo ya namna hiyo hupotea upesi yasipowekwa. Ndiyo maana majibu yetu yamejaa vitu vya kufanya, wiki hii hii ikiwezekana.

Tuko wanafunzi 14 wa zamani wa mwalimu aliyefariki miezi miwili iliyopita. Tunataka kufanya onesho la kumkumbuka na hatujawahi kuandaa onesho lolote. Tuanzie wapi? (Wanafunzi wake, Dar es Salaam)

Poleni sana. Kabla ya kutafuta ukumbi, nendeni kwa familia. Siku za matanga na arobaini ni za kwao. Kama marehemu alikuwa Mwislamu, muulizeni mkubwa wa familia iwapo wanaridhia muziki kupigwa kwa jina lake, wakisita, msiwasukume. Wakikubali, waombeni picha moja na majina yake kamili, yaandikwe kama yeye mwenyewe alivyoyaandika.

Kisha pigeni hesabu ya muda. Watu 14, kila mmoja dakika 3 hadi 4, ni kama dakika 50. Ongezeni dakika moja kwa kila kupishana, maana kuna kiti cha kupandisha na kitabu cha kufungua, mnafika saa moja na dakika chache. Panatosha hapo. Hotuba iwe moja, dakika 5, na isomwe kwenye karatasi, kwa sababu anayezungumza bila karatasi akishikwa na kilio hana mahali pa kurudi.

Kosa kubwa la maonesho ya aina hii ni kila mtu kuchagua kipande cha polepole cha huzuni. Cha tano kikifika, wasikilizaji hawasikii tena tofauti. Kaeni pamoja mpange. Mdogo kuliko wote aanze, kwani mtoto akisubiri saa nzima mikono inapoa na woga unapanda. Changanyeni vya haraka na vya taratibu. Kimoja kiwe cha mikono minne, watu wawili kwenye piano moja, kwa kuwa ndivyo mwalimu alivyoketi nanyi. Na kila mmoja apige kitu alichofundishwa na marehemu, hata kama ni cha gredi ya 1 ya mitihani ya piano na yeye leo yuko gredi ya 8. Mtu mzima akipiga kwa uangalifu kipande cha mtoto, ukumbi mzima unaelewa bila kuambiwa.

Mkitaka kipande cha kumbukumbu chenyewe, kipo. Katika mkusanyo wa mtunzi wa Kijerumani Robert Schumann wa vipande vya vijana, opus (yaani kazi namba) 68 wa mwaka 1848, namba 28 kinaitwa Erinnerung, yaani kumbukumbu, na juu yake imewekwa tarehe 4 Novemba 1847, siku aliyofariki rafiki yake, mtunzi Felix Mendelssohn. Ni kifupi, A meja, hakina haraka na kinaimba kwa utulivu. Ugumu wake ni mmoja: sauti ya juu isikike kama mwimbaji huku zile za ndani, za mkono huohuo, zikinong'ona. Mpeni mwenye sikio zuri, hata kama vidole vyake si vya kasi.

Karatasi ya ratiba isomwe na watu wawili kabla ya kuchapwa. Ile menuet maarufu ya G meja ambayo kila mwanafunzi hupitia, kutoka daftari la mwaka 1725 la Anna Magdalena Bach, mke wa mtunzi J. S. Bach, bado watu wanaiandikia jina la mumewe. Mtunzi wake ni Christian Petzold. Mwalimu aliyewafundisha kuwa makini anastahili ratiba isiyo na kosa hilo.

Sasa piano ya ukumbini. Ikiwa itahamishwa, ifike mapema, ikae angalau siku mbili tatu, ndipo fundi aitengeneze sauti. Atapita tena asubuhi ya siku yenyewe. Kiyoyozi kiwashwe tangu fundi anapofanya kazi, kwa baridi ileile mtakayotumia jioni. Kikiwashwa wageni wanapoingia, hali ya hewa ya chumba inabadilika na kazi ya fundi inaanza kuharibika kabla onesho halijafika nusu. Mkitumia piano ya umeme, ulizeni jenereta inachukua sekunde ngapi kuwaka, na mtoto anayepiga aambiwe mapema: umeme ukikatika, toa mikono, subiri, anza upya toka mwanzo wa sehemu.

Ninaandika wasifu mfupi wa mwalimu wangu. Hakuwahi kupiga kwenye majukwaa makubwa. Jamaa yangu ananiambia mwalimu wa hivyo husahaulika. Je, ni kweli? (Mzanzibari, Maskati)

Jamaa yako na amsikilize Van Cliburn. Kijana huyo mpiga piano wa Kimarekani alishinda shindano la kwanza la Tchaikovsky mjini Moscow mwaka 1958, akiwa na miaka 23, na nyuma yake wamesimama wanawake wawili. Wa kwanza ni mama yake, Rildia Bee O'Bryan Cliburn, aliyemfundisha tangu akiwa na miaka 3 hadi alipofika 17. Mama huyo hakuwa nyota wa majukwaa, lakini alikuwa amefundishwa na Arthur Friedheim, mwanafunzi wa Liszt, mpiga piano mashuhuri wa karne ya 19. Liszt alifundishwa na Czerny, naye Czerny na Beethoven. Ni silsila kamili, mkono kwa mkono, na imepita katika sebule ya mama mmoja wa Texas.

Wa pili ni Rosina Lhévinne, aliyempokea kijana huyo katika shule ya Juilliard, New York. Alizaliwa Kyiv mwaka 1880, akahitimu Moscow na medali ya dhahabu mwaka 1898, na mwaka huohuo akaolewa na mpiga piano Josef Lhévinne. Akaamua kutofuata njia ya kupiga peke yake ili asishindane na mumewe. Wakawa wanapiga pamoja piano mbili, na yeye akafundisha. Mume alifariki mwaka 1944. Mwaka 1963, akiwa na miaka 82, Rosina alikaa mbele ya okestra ya New York Philharmonic, ikiongozwa na Leonard Bernstein, na kupiga konserto (kipande cha piano na okestra) ya E maina ya mtunzi Chopin. Alifariki mwaka 1976. John Browning alipitia kwake, Misha Dichter pia, na John Williams anayetunga muziki wa filamu.

Mfano wa kale zaidi ni Clara Schumann, mpiga piano na mke wa Robert Schumann. Alifariki mwaka 1896 bila kuacha rekodi hata moja ya mikono yake. Lakini tangu 1878 alikuwa amefundisha katika konsevatori ya Hoch mjini Frankfurt, na mmoja wa wanafunzi wake, Fanny Davies, alirekodi konserto ya Robert Schumann mwaka 1928. Leo anayetaka kukisia namna Clara alivyopiga, huanzia kwa wanafunzi wake.

Kwa wasifu wako, basi, usianze na vyeti. Andika alifundishwa na nani, na huyo alifundishwa na nani, kadiri mnyororo unavyokwenda. Kisha tafuta wanafunzi watano wa miaka tofauti, uwaulize swali moja: "Alikuwa akikwambia nini kila wiki?" Sentensi itakayotajwa na watatu kati yao iweke katika aya ya kwanza.

Familia imetupa maboksi mawili ya vitabu vyake vya nota. Vimejaa maandishi yake ya penseli. Vingine vimeanza kuwa vya kahawia na vina kutu. Tuvitunzeje? (Mwanafunzi wa zamani, Nairobi)

Hapo mmepewa hazina kuliko piano yenyewe. Jambo la kwanza: msifute chochote, hata mistari inayoonekana ovyo. La pili: msibandike gundi ya utepe. Utepe wa plastiki huacha doa la njano lisilotoka, na gundi yake hula karatasi. Kutu hutoka kwenye pini za katikati ya kitabu. Zinyanyueni taratibu kwa kisu butu upande wa ndani, mzitoe, na kurasa zishikwe kwa uzi wa pamba.

Pigeni nakala kwa skana, doti 400 kwa inchi, na kwa rangi. Wengi huskani nyeusi na nyeupe ili faili liwe dogo, kisha wanashangaa alama za penseli hafifu zimepotea zote na wamebaki na nota ambazo zingenunuliwa dukani. Hifadhini faili za aina ya TIFF kwa ajili ya kuweka na za PDF kwa ajili ya kusoma. Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya nje, moja katika nyumba nyingine kabisa. Vitabu vyenyewe vikae vimelala, juu ya rafu iliyoinuka sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, mbali na ukuta wa nje. Msivifunge ndani ya mfuko wa plastiki. Unyevu ukiingia hautoki, na ukungu unaota.

Kazi ambayo haina mashine ni kufasiri alama. Walimu wana lugha yao. Miwani iliyochorwa juu ya nota mara nyingi maana yake ni "tazama hapa, umekosea jana pia". Mkato juu ya mstari ni pumzi. Duara kuzunguka namba ya kidole ni ugomvi wa muda mrefu kati ya mwalimu na kidole hicho. Lakini kila mwalimu ana zake, na wanaozijua ni nyie. Fungueni daftari, chora alama, andika maana, andika nani ameeleza. Fanyeni mapema, kumbukumbu zikiwa bado mbichi.

Kuhusu kuviweka mtandaoni: Bach na Schumann ni wa zamani mno kudaiwa haki, lakini toleo lililochapwa juzi, lenye vidole na maelezo ya mhariri, linaweza kuwa na mwenyewe. Gawaneni nyie kwa nyie kwanza.

Shangazi alikuwa mwalimu wa piano Mombasa. Piano yake ya wima ni ya zamani sana, vibonye kadhaa vinakwama, na binamu yuko Toronto anataka apelekewe. (Mpwa wake, Mombasa)

Tutenganishe mambo mawili, ugonjwa na safari.

Kibonye kikikwama, fanya uchunguzi kabla ya kuita fundi. Bonyeza taratibu ukiachia. Kikibaki chini, kitikise kushoto na kulia kwa ncha za vidole. Kama hakichezi hata kidogo, kitambaa cha sufu kilichozunguka pini yake ya mbele kimevimba kwa unyevu. Fundi hukibana kwa koleo maalumu na kazi inaisha dakika chache. Kama kibonye kinarudi vizuri lakini nyundo ndani inachelewa kurudi, tatizo liko kwenye pini ndogo ya katikati ya nyundo, hiyo ni kazi ndefu zaidi. Na kama viwili vinavyopakana vimekwama kwa pamoja, tafuta sarafu au kipande cha penseli kati yao. Katika piano ya mwalimu wa watoto hilo ni la kawaida mno. Usipulize mafuta ya kulegeza kutu. Yataingia kwenye sufu, yatashika vumbi, na kilichokwama wiki hii kitakwama moja kwa moja.

Pwani adui ni unyevu unaopanda na kushuka. Piano inapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55, na hewa ya Mombasa huzidi hapo karibu mwaka mzima. Iondoe kwenye ukuta wa nje, acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma yake. Usiweke chombo cha maua juu. Fundi anaweza kufunga chini, ndani, fimbo ndogo ya joto iliyotengenezwa kwa piano, pamoja na kifaa kinachoizima chenyewe hewa ikikauka. Mtindo wa kuning'iniza balbu ya taa humo ndani tunaukataa: balbu hukausha sehemu moja na kupasua mbao, na ikigusa sufu inaweza kuwasha moto.

Piano ina nyuzi kama 220 hadi 230, na kwa pamoja zinavuta fremu kwa nguvu inayokaribia tani 18. Kwa hiyo piano iliyokaa miaka bila kutuniwa haipandishwi kwa siku moja. Mwambie fundi ailegeze kidogo kila pini kwanza ili kutu ikatike, ndipo aipandishe, kwa awamu mbili au tatu. Nyuzi zikionekana zimeliwa na kutu, ni afadhali piano nzima ibaki chini kwa nusu toni kuliko kulazimisha kipimo cha kawaida, nota A kwa hezi 440, na kukata waya.

Sasa safari. Tazama sehemu nyeupe ya vibonye. Ukiona mstari mwembamba unaokata kibonye pale vibonye vyeusi vinapoanzia, yaani ganda limeungwa vipande viwili, na chembechembe zake zina mikondo myembamba kama ya mbao, karibu hakika ni pembe za ndovu. Plastiki kwa kawaida huwa kipande kimoja. Usijaribu kwa sindano ya moto. Piano ya pembe haivuki mpaka bila vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, vibali vya kutoa na vya kuingiza, hata kama ni urithi. Binamu aulize upande wa Canada na wewe uulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kabla hamjalipa kampuni yoyote ya mizigo. Kibali kikikataliwa, kontena litazuiliwa na mnaweza kuipoteza piano kabisa.

Hili linatugusa sisi kwa namna ya pekee. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilizotengenezewa vibonye huko Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zilipitia Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani na wapagazi kutoka bara. Kabla ya kuihamisha piano ya shangazi, fikirini kama mahali pake si hapahapa, chini ya mikono ya watoto wa Mombasa.

Nina kaseti sita za maonesho ya wanafunzi wake, za miaka ya 1980. Moja inatoa sauti kwa mbali sana. (Moshi)

Ile inayosikika kwa mbali, geuza utazame katikati ya mdomo wake. Pana kipande kidogo cha sufu juu ya kibati cha shaba, kinachosukuma utepe kwenye kichwa cha mashine. Kikidondoka, sauti inafifia na kuwa nzito. Hamisha utepe kwenye ganda zima la kaseti nyingine yenye skrubu, au mpe fundi.

Kwa zote: safisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti safi, subiri kikauke. Peleka kila kaseti mbele mpaka mwisho na irudishe mara moja, ili tabaka zilizogandana ziachane. Ukiona vumbi jeupe pembeni mwa utepe, huo ni ukungu, usiicheze. Unganisha mashine na kompyuta kwa waya kutoka tundu la "line out", si la sikioni, na urekodi faili la WAV, biti 24. Kaseti ya dakika 90 ina utepe mwembamba kuliko ya 60 na hukatika upesi, kwa hiyo anza nayo, mashine ikiwa safi. Usikate makofi wala sauti ya mwalimu akimwita mtoto anayefuata. Huenda hiyo ndiyo sauti yake pekee mliyobaki nayo.

Alinifundisha miaka 11. Sasa nina watoto wanne wanaotaka niwafundishe, nami sijui kama nitaweza kufundisha kama yeye. (Mwalimu mpya, Arusha)

Utaweza ukikumbuka alifanya nini wiki za kwanza, kabla hujajua chochote. Karibu kila mwalimu mzuri huanzia kwenye kiti, basi tuanzie hapo.

Mtoto akae nusu ya mbele ya kiti. Viwiko viwe sawa na uso wa vibonye au juu yake kidogo. Miguu isining'inie, weka stuli, au matofali mawili yaliyofungwa kitambaa. Miguu ikining'inia, mgongo unajishika, mabega yanapanda, na sauti inatoka ngumu, halafu mwalimu anahangaika na vidole wakati kosa liko miguuni.

Kwa mkono, wengi husema "shika kama umeshika chungwa". Sisi hatuupendi sana mfano huo, kwa sababu mtoto akiambiwa ashike, anakaza. Mwambie aning'inize mkono pembeni kama umelala, kisha umnyanyulie wewe kwa kifundo cha mkono, uutue juu ya vibonye ulivyo. Umbo linalotokea ndilo lenyewe. Kidole gumba kiguse kwa pembe ya ukucha, kisilale chote.

Skeli. C meja, mkono wa kulia kwenda juu: 1 2 3 1 2 3 4 5 (hizo ni namba za vidole, gumba ndilo 1). Kosa la kila mtoto ni kusubiri: kidole cha 3 kinapiga, gumba bado liko nyuma, kisha kiwiko kinaruka nje na nota ya nne inapiga kelele. Gumba lianze safari mara tu kidole cha 2 kinapobonyeza, kitakapopiga cha 3 liwe limeshafika. Afanye nota nne tu, C D E F na kurudi, mara 10, kabla ya skeli nzima. Chopin aliwaanzishia wanafunzi wake B meja, akiiona C kuwa ngumu kuliko zote kwa mkono, na ukiijaribu utaona sababu: vidole virefu vinakaa juu ya vibonye vyeusi, gumba linabaki chini kwenye B na E, na mkono unajipanga wenyewe. Kwa kusoma C ni rahisi. Kwa mkono B ni rahisi. Mfundishe B kwa kukuiga, bila kitabu.

Watoto wengi wa kwetu huja wakitokea kwaya, wanasoma d r m (do, re, mi) kabla ya kuona mistari mitano ya nota. Usiitupe elimu hiyo. Mtoto anayejua kuimba kutoka d hadi s tayari ana umbali huo sikioni, anakosa jicho tu. Mweleze mapema kwamba d inahama na C haihami, mchezeshe wimbo uleule akianza C, kisha G, asikie d imekuja juu ya G.

Mazoezi ya polepole yawe na kanuni, la sivyo "polepole" inabaki neno tu. Metronomu, kifaa cha kuhesabu mapigo, iwe 60, nota moja kwa kila mlio. Mara tatu mfululizo bila kosa, panda 4. Akikosea kwenye 72, asirudi 68, arudi 60. Anayerudi hatua moja anajifunza kukosea kwa kasi mbalimbali. Kipande kirefu mfundishe kutoka mwisho: vipimo vinne vya mwisho (kipimo ni nafasi kati ya mistari miwili ya wima) kwanza, kisha vinne vinavyovitangulia, ili kila anavyosonga aende mahali anapopajua zaidi. Mwanafunzi aliyejifunza kutoka mwanzo hupiga ukurasa wa kwanza vizuri na kuzama wa pili, kila mara.

Pedali usimpe mpaka mguu ufike. Akifika, mguu unanyanyuka pale akodi mpya, yaani nota kadhaa za pamoja, inapolia na kushuka mara baada yake. Wengi hukanyaga pamoja na mkono, na akodi mbili zinaungana kuwa uji.

Na weka penseli laini ya 2B juu ya piano, imechongwa. Kalamu ya wino usiiruhusu.

Mwalimu mpya amenibadilishia namba zote za vidole alizonipa marehemu. Najisikia kama namsaliti. (Gredi ya 6, Kampala)

Vipande ulivyokwisha kuvikomaza viache na vidole vyake vya zamani. Kubadilisha kidole kilichozoea miezi ni kujitafutia ajali siku ya mtihani. Vipande vipya fuata mwalimu mpya. Katika kitabu, vidole vya zamani vibaki kwa penseli nyeusi, vipya viandikwe juu kwa rangi, na kila badiliko uulize sababu. Akikujibu "ili kiwiko kisiruke" au "ili sauti ya nne isikike", hata marehemu angekubali. Lakini mkono ukianza kuuma, acha, mwambie siku hiyohiyo.

Tumechanga fedha kwa jina lake tuwasaidie watoto wasio na uwezo. (Kikundi, Kisumu)

Akaunti iwe na watia saini watatu, wawili kati yao watoshe. Fedha zilipwe moja kwa moja kwa mwalimu au kituo cha mtihani, zisipite mkononi mwa mzazi. Na kwa maoni yetu, mlipieni mtoto mmoja miaka mitatu mfululizo, masomo, vitabu na mtihani, kuliko kuwalipia watoto kumi muhula mmoja. Piano ya muhula mmoja haibaki.

Binti yangu ana miaka 9. Tangu mwalimu wake afariki hataki kugusa piano, miezi mitatu sasa. Nimlazimishe? (Mama, Tanga)

Usimlazimishe, dada, na usiifunge piano wala kuifunika kitambaa. Iache wazi, kitabu chake kikae palepale juu ya kishikio, kwenye ukurasa uleule waliokuwa nao. Kwa umri wake vidole vinapoteza kasi katika miezi mitatu lakini havisahau njia. Ikipigwa na mwingine nyumbani, hata wewe kwa kidole kimoja, usimwite aje asikilize.

Siku atakayokaa mwenyewe, usimpe kitu kipya wala usimwambie aanze mwanzo. Zisizidi dakika tano, hata akitaka zaidi. Tafuta pamoja naye alama ya mwisho ya penseli aliyoacha mwalimu kwenye ukurasa ule, umuulize maana yake nini, kisha aanzie kwenye kipimo hicho.